Maji ya bwawa hayatakati: chujio ni dogo, pampu ni kubwa, au kuna jambo jingine?

Simu nyingi ninazopigiwa hapa Mombasa, kutoka Nyali, Bamburi na Shanzu, huanza hivi: “Fundi, nadhani chujio langu ni dogo, nitafutie kubwa zaidi.” Kuna wakati ni kweli. Lakini mara nyingi nikifika nakuta tangi la chujio, lile lililojazwa mchanga wa kunasa uchafu, ni lilelile lililofanya kazi vizuri miaka yote, ila kuna mtu alibadilisha pampu, au alitia mchanga wa ufukweni, au maji ya kisima yameleta chokaa. Kabla hujatoa pesa za tangi jipya, nakuomba tupite dalili moja baada ya nyingine. Ukubwa wa chujio hauamuliwi na bwawa peke yake. Unaamuliwa na kasi ya maji yanapopenya kwenye mchanga, na kasi hiyo inatoka kwa pampu. Karibu kila kosa la gharama kubwa ambalo nimelikuta kwenye nyumba za watu lilianzia hapo.

Namba tatu za kuwa nazo mkononi

Ya kwanza ni ujazo wa bwawa. Pima urefu na upana kwa mita, kisha kina cha upande wa watoto na kina cha upande wa kupigia mbizi. Jumlisha vina hivyo viwili, gawa kwa mbili. Tuchukue bwawa la mita 9 kwa 4.5, lenye kina cha mita 1 upande mmoja na 1.8 upande wa pili. Wastani wa kina ni 1.4, na 9 × 4.5 × 1.4 inatupa mita za ujazo 56.7, tuseme lita 57,000. Kama sakafu inaenda tambarare kisha inaporomoka ghafla, pima kina mahali patano au sita na utafute wastani wake, maana ukichukua pande mbili tu utajidanganya kwa maelfu ya lita.

Ya pili ni mtiririko, yaani pampu inapitisha maji kiasi gani kwa saa. Kwa bwawa la nyumbani tunalenga maji yote yapite kwenye chujio mara moja kwa saa 6 hadi 8. Kwa joto letu la Mombasa mimi huanzia 6. 57 gawa kwa 6 ni mita za ujazo 9.5 kwa saa.

Ya tatu ni eneo la uso wa mchanga ndani ya tangi. Kama lebo imefutika kwa jua, chukua utepe wa fundi cherehani, zungushia tangi kiunoni, kisha gawa mzingo huo kwa 3.14 upate kipenyo. Matangi yanayopatikana sana ni haya:

- kipenyo cha milimita 400: eneo la mita za mraba 0.126
- milimita 500: 0.196
- milimita 600: 0.283
- milimita 700: 0.385

Sasa gawa mtiririko kwa eneo. 9.5 kwa 0.196 inatoa 48, 9.5 kwa 0.283 inatoa 34. Hiyo ndiyo kasi ya maji kupenya mchanga, kwa mita kwa saa. Mwisho wa kuvumilika kwa bwawa la nyumbani ni karibu 50. Mimi nataka ikae kati ya 30 na 40. Kwa hiyo bwawa letu la mfano lingeendeshwa na tangi la 500 likiwa limefika ukingoni, lakini tangi lake hasa ni la 600.

Usiuamini mtiririko ulioandikwa kwenye lebo ya pampu kama ulivyo. Ule ni wa pampu isiyo na mzigo mkubwa. Ukishaweka mita 20 za paipu, kona nane na mchanga, unapungua. Pima mwenyewe. Amka asubuhi kabla upepo haujaanza kukoroga uso wa maji, bandika kipande cha tepu kwenye kigae, ukingo wake wa chini ulingane na maji. Chagua siku ambayo ulikuwa uoshe mchanga, ili usimwage maji mara mbili. Endesha pampu kwenye nafasi ya kuoshea mchanga (vali ya tangi ikigeuzwa hapo, maji hutoka kwenye paipu ya taka badala ya kurudi bwawani) dakika 5 kamili, zima, kisha pima kwa rula maji yameshuka kiasi gani. Katika bwawa la mita 9 kwa 4.5 kila sentimita 1 ni lita 405. Yakishuka sentimita 2 ni lita 810 kwa dakika 5, sawa na mita za ujazo 9.7 kwa saa. Wakati wa kuchuja mtiririko huwa chini kidogo ya hapo, lakini kwa kazi yetu kipimo hiki kinatosha.

Dalili: maji yamekuwa kama tui jepesi

Hii ndiyo dalili inayouza matangi mengi yasiyohitajika, kwa hiyo tuichunguze taratibu.

Anza jikoni. Chota maji ya bwawa kwenye glasi, tia vijiko viwili vya siki nyeupe, koroga, subiri dakika chache. Yakitakata mbele ya macho yako, ule weupe ulikuwa chokaa. Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyetu vingi ni magumu. Yakiingia bwawani na pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikapanda, chokaa hujitenga na maji na kuelea kama unga. Hapo dawa ni kuishusha pH hadi kati ya 7.2 na 7.6 na kuacha pampu ifanye kazi. Tangi kubwa halitakusaidia, kwa sababu kila siku pH ikiwa juu weupe mwingine utazaliwa. Tafadhali siki hiyo iishie kwenye glasi. Siki au asidi yoyote ikikutana na unga wa klorini hutoa gesi ya sumu, na vibanda vya pampu huwa havina hewa ya kutosha.

Kama siki haikubadilisha kitu, na klorini imepimwa na ipo, hesabu saa. Watu wengi hudhani pampu ikizunguka saa 6 basi maji yote yamechujwa. Sivyo. Maji yaliyochujwa yanarudi kuchanganyika na yasiyochujwa, kisha pampu inavuta mchanganyiko huo. Mzunguko mmoja kamili unakuwa umepitisha karibu asilimia 63 ya maji. Miwili, 86. Mitatu, 95. Sasa fikiria bwawa lililopangiwa saa 6 ambalo taima yake imewekwa saa 4 ili kubana tokeni za umeme, na siku mbili za wiki umeme hukatika mchana. Kwa siku hata nusu ya maji haijagusa mchanga. Kabla ya kulaumu chujio, liendeshe bwawa saa 10 hadi 12 kila siku kwa siku tatu, uone. Maji yakitakata, chujio lako ni zima na ulichokosa ni saa.

Yasipotakata, sasa ndipo tuangalie kasi.

Mama mmoja wa Nyali aliniita mwanzo wa masika. “Mwanangu fundi, nimetia klorini mpaka macho ya wajukuu yamekuwa mekundu, na bado ngazi ya chini siioni.”

“Pole mama. Kabla hujatia nyingine, kuna mtu aligusa pampu?”

“Kijana wangu aliniletea mpya mwezi wa pili. Ile ya zamani ilikuwa inapiga kelele, akanunua kubwa ili maji yasafike upesi.”

Bwawa lake ni lile la mfano wetu, mita 9 kwa 4.5, na tangi la milimita 500 lenye miaka yake. Tulibandika tepu, tukafungua kwa dakika 5. Maji yalishuka sentimita 3. Hizo ni lita 1,215, yaani mita za ujazo 14.6 kwa saa. Gawa kwa 0.196: kasi 74. Mchanga hauwezi kushika vumbi laini kwa kasi hiyo. Maji yanatoboa njia zake, yanapita palepale kila siku, na chembe ndogo zinasukumwa hadi chini na kurudi bwawani. Kijana alikuwa amefanya jambo la upendo kabisa kwa mama yake, na ndilo lililochafua maji. Pampu ya hospawa 1.5 ilihamishiwa kwingine, tukaweka ya 0.75 inayotoa karibu mita 10 za ujazo kwa saa, na mama alipopata nafasi mwezi uliofuata tukaweka tangi la 600. Kasi ikawa 35. Siku ya nne nilipopita alikuwa amekaa ukingoni, ameweka miguu kwenye maji, ananionyesha sarafu ya shilingi 20 iliyolala chini upande wa mbizi, unaisoma vizuri.

Nasisitiza hapa kwa sababu fikra ya “pampu kubwa, maji safi” imeenea sana. Pampu kubwa kwenye tangi dogo inakula umeme zaidi, inaukaza mchanga, na inarudisha uchafu. Ukitaka maji yachujwe mara nyingi zaidi kwa siku, ongeza saa za pampu kabla hujaongeza nguvu zake.

Limebaki la mchanga wenyewe. Mchanga wa chujio ni wa silika, uliochekechwa, punje za milimita 0.4 hadi 0.8. Nimefungua matangi mawili mwaka huu nikakuta mchanga mweupe wa ufukweni. Unavutia kwa macho, lakini mchanga wa fukwe zetu nyingi una matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa, na punje zake zina kila ukubwa. Rudi kwenye chupa yako ya siki: chota kijiko cha mchanga kutoka juu ya tangi, suuza, weka kwenye kisahani, mwagia siki. Ukitoa povu na sauti ya kuchemka, ni mchanga wa bahari au umejaa chokaa. Silika safi inakaa kimya. Ukishapata jibu hilo, tangi libaki na mchanga ubadilishwe.

Dalili: geji inapanda haraka, unaosha mchanga kila baada ya siku mbili

Geji ya juu ya tangi ina maana ukiwa unaijua namba yake ya kuanzia. Presha ikipanda nusu hadi 0.7 ya baa juu ya ile ya mchanga safi (kwenye geji za psi ni 8 hadi 10), wakati wa kuosha umefika. Chujio linalolingana na bwawa lake hukaa wiki moja, mbili, pengine zaidi, bila kufika hapo.

Ikifika kwa siku mbili, jiulize swali moja: baada ya kuosha, geji inarudi wapi?

Inarudi palepale pa zamani. Basi mchanga ni mzima, ila uchafu ni mwingi kuliko eneo la kuupokea. Tazama juu ya bwawa. Mvinje unadondosha sindano zake mwaka mzima, mkungu unaangusha majani mapana yanayoziba skima (mdomo wa ukingoni unaovuta maji ya juu), na jirani akiwa anajenga, vumbi la saruji na la mawe ya matumbawe litakuja na upepo wa kusi moja kwa moja. Watoto wanaopakwa mafuta ya nazi kabla ya kuogelea nao wanaacha utando unaonasa kwenye mchanga. Kama bwawa limetoka kuuliwa ukoga wa kijani kwa klorini nyingi, ni kawaida kabisa kuosha mara mbili kwa siku mpaka mizoga ya ukoga iishe. Lakini kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, hali ya hewa ni tulivu, na bado ni siku mbili tu, hapo nakubaliana nawe: tangi ni dogo. Kutoka 500 kwenda 600 unaongeza eneo kwa asilimia 44, na muda kati ya kuosha na kuosha unarefuka zaidi ya hapo, kwa sababu kasi nayo imeshuka.

Inarudi, lakini kila mara juu kidogo kuliko mwanzo. Mchanga unaziba kwa ndani. Fungua tangi, ingiza mkono. Kwenye nyumba za visima utakuta vidonge vigumu kama ngumi ya mtoto, mchanga ulioshikana kwa chokaa, na maji yanapita pembeni tu. Badilisha mchanga. Kwa maji laini unaweza kudumu miaka mitano au zaidi; kwa kisima kigumu usishangae ukienda mitatu.

Ilikuwa juu tangu siku ya kwanza, mchanga mpya, maji safi. Hapo tatizo liko baada ya tangi au kwenye pampu. Hakikisha vali za kurudishia maji zimefunguliwa zote. Kisha angalia paipu. Paipu ya milimita 50 inapitisha kwa raha mita za ujazo 8 hadi 9 kwa saa upande wa kuvuta, ile ya 63 inafika 13 au 14. Ukilazimisha mita za ujazo 15 kwa saa ndani ya paipu ya 50 utaona presha ikipanda na utasikia pampu ikilia, na tangi kubwa halitabadilisha lolote.

Dalili: geji iko chini na maji yanarudi kwa unyonge

Hii si habari ya ukubwa wa chujio, na mtu akikuuzia tangi kwa dalili hii mkatalie. Kosa liko kabla ya pampu: kikapu kimejaa majani, maji ya bwawa yameshuka chini ya mdomo wa skima, au ringi ya mpira ya kifuniko cha pampu imekauka na inavuta hewa. Utaiona hewa hiyo kama mapovu yanayotoka kwenye matundu ya kurudishia. Paka ringi hiyo grisi ya silikoni, usitumie grisi ya gari. Kama vyote ni vizima, kuna kitu kimenasa kwenye impela, lile gurudumu la ndani ya pampu linalosukuma maji. Mbegu za mwarobaini hupenda kwenda huko.

Dalili: unaosha mchanga, maji ya taka yanatoka safi, lakini siku ya pili uchafu uko palepale

Watu wachache hulitarajia tatizo hili: tangi ni kubwa mno kwa pampu.

Kuosha mchanga, kazi ambayo mafundi wengi huiita bakiwoshi, ni kugeuza maji yaingie kutoka chini na kuunyanyua mchanga mpaka uchezecheze, uchafu uachane na punje na kutoka. Kunyanyua punje za ukubwa tuliosema kunahitaji kasi ya mita 35 hadi 50 kwa saa. Kwetu tulenge karibu 40 kwa sababu maji ya bwawa yenye joto la nyuzi 28 au 30 yana mnato mdogo, hayanyanyui mchanga vizuri kama maji baridi ya nchi za kaskazini.

Sasa chukua mtu aliyeambiwa “tangi kubwa halina hasara”, akaweka la milimita 900 kwenye pampu ya mita za ujazo 10 kwa saa. Eneo lake ni 0.636, kasi ya kuosha ni 16. Mchanga haunyanyuki. Maji yanapenya taratibu, yanatoka safi kwenye paipu ya taka, mwenye nyumba anafurahi anazima. Ndani uchafu umelala, unaoza, unakuwa madonge. Miezi sita baadaye klorini inaisha haraka isivyo kawaida na maji yana harufu ya kidimbwi.

Ndiyo maana kwa nyumba yenye pampu moja nasema 30 hadi 40 wakati wa kuchuja. Pampu ileile ikigeuzwa kuosha, maji yanakwenda kwenye taka iliyo karibu bila kupita paipu ndefu za kurudi, mtiririko unaongezeka kidogo, na unakaribia ile 40 inayotakiwa. Ukishuka chini ya 25 kwenye kuchuja, unapata maji mazuri sana miezi ya mwanzo, kisha unashindwa kuusafisha mchanga wako.

Osha dakika 2 hadi 3 mpaka kioo kidogo cha pembeni kionyeshe maji safi, kisha suuza nusu dakika kwenye nafasi ya kusuuzia kabla ya kurudi kuchuja. Ukiruka hatua hiyo, wingu la vumbi litatoka kwenye matundu ya kurudishia na utadhani chujio limekufa. Zima pampu kila mara kabla ya kugeuza mkono wa vali. Kila mara.

Dalili: mchanga unalala chini ya matundu ya kurudishia

Chini ya tangi kuna vibomba vyenye mianya myembamba, vimepangwa kama vidole, kazi yake kuruhusu maji na kuzuia mchanga. Kimoja kikipasuka, mchanga unaenda bwawani bila kukoma. Mara nyingi hupasuka siku ya kujaza mchanga, mtu anapomimina gunia lote kwa mpigo kwenye tangi tupu. Jaza maji nusu tangi kwanza, kisha mimina mchanga taratibu.

Kama mchanga unatoka siku chache tu baada ya kujazwa kisha unaacha, zilikuwa punje ndogo zilizopita kwenye mianya, tena dalili ya mchanga usiochekechwa. Na kama vibomba ni vizima na mchanga ni sahihi lakini bado unatoka, rudi kwenye hesabu ya kasi: pampu inasukuma kupita kiasi.

Dalili: kijani kinarudi kila wiki

Chujio haliui ukoga. Klorini ndiyo inayoua. Jua la adhuhuri letu huimaliza klorini isiyo na dawa ya kuikinga na jua kwa saa chache, kwa hiyo pima jioni pia, usiridhike na kipimo cha asubuhi. Inatakiwa miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH isizidi 7.6 kwa sababu juu ya hapo klorini ipo lakini ni dhaifu. Chujio linahusika kwa jambo moja: kama mzunguko ni mfupi mno, kuna pembe za bwawa ambazo klorini haifiki, na kijani huanzia huko, hasa nyuma ya ngazi. Geuza matundu ya kurudishia maji yaelekee pembe hizo.

Dalili: maji yanashuka ingawa hakuna ufa

Simama kwenye paipu ya taka pampu ikiwa inachuja. Ikiwa inadondosha, mpira wa ndani wa vali ya njia sita umechoka. Ni kipuri cha bei ndogo. Mpira huohuo ukivuja kwa upande mwingine, maji machafu yanaruka chujio na kurudi bwawani, na dalili yake ni ile ya tui. Kwa hiyo uangalie kabla ya kununua tangi.

Ukishahakikisha kweli tangi ni dogo

Nenda dukani na namba tatu zako kwenye karatasi, pamoja na ukubwa wa paipu. Ukiulizwa “bwawa lako ni la lita ngapi?” na ukaonyeshwa tangi lililoandikwa “hadi lita 70,000”, uliza hiyo ni kwa saa ngapi za mzunguko. Wengine huhesabu saa 8 kwa kasi ya 50, yaani tangi likiwa limebanwa hadi mwisho. Wewe tafuta kipenyo, ufanye hesabu mwenyewe palepale.

Angalia vipimo. Tangi la Marekani la inchi 24 ni karibu milimita 600, la inchi 20 ni karibu 500. Galoni yao ni lita 3.785, wakati galoni ya Kiingereza ni 4.546, ukichanganya unakosea kwa asilimia 20. Na pampu iliyotengenezwa kwa umeme wa hezi 60, ikifika hapa kwetu kwenye hezi 50, huzunguka taratibu zaidi: mtiririko unapungua karibu moja ya sita, na nguvu ya kusukuma inapungua karibu theluthi. Nimeona mtu akinunua tangi linalolingana kabisa na lebo ya pampu ya aina hiyo, kisha mchanga ukawa haunyanyuki.

Kuna swali la maji pia. Kuosha tangi la 600 kwa dakika 3 kunamwaga lita 500 hivi. Ukiwa unapata maji ya mfereji ya Mzima au Baricho kwa zamu, au unanunua ya boza, hizo ni lita za kuuma. Kwa nyumba kama hiyo, hasa bwawa dogo lisilo na miti juu yake, mimi hushauri chujio la katriji, linalotumia kitambaa kilichokunjwa badala ya mchanga. Halihitaji kugeuza maji. Unalitoa, unaliosha kwa mpira, unalirudisha. Ukubwa wake huhesabiwa tofauti: mita 1 ya mraba ya kitambaa kwa kila mita ya ujazo 1 kwa saa, au karibu na hapo, kwa hiyo bwawa letu la mfano lingetaka mita za mraba 10. Ubaya wake ni kwamba chokaa ya kisima na mafuta ya nazi huziba kitambaa, na itabidi ununue kingine baada ya miaka michache. Penye mvinje na mikungu mingi bado nachagua mchanga.

Siku tangi jipya linapowashwa, toa hewa kwanza kupitia kidude cha juu mpaka maji yatoke bila kukohoa, na usisogeze uso juu ya kifuniko wakati pampu inaanza. Osha mchanga mpya dakika chache, suuza, rudi kwenye kuchuja, fungua vali zote za kurudi. Subiri dakika 10. Kisha chukua kalamu ya wino usiofutika na uandike kwenye tangi lenyewe, upande usiopigwa na jua: presha ya kuanzia, tarehe, na sentimita ambazo maji yalishuka kwa dakika 5. Fundi yeyote atakayekuja baada yangu ataanzia hapo.